Kuanguka Mtihani wa Udereva: Sababu, Gharama, na Kurudia



Katika mashamba yetu ya miwa na majani chai, kutoka kwenye panga au kikapu mpaka kwenye usukani wa trekta ni hatua kubwa katika maisha ya mtu. Mkata miwa hulipwa kwa kadiri ya alichokata. Siku mgongo ukiuma, mshahara nao hupungua. Dereva mara nyingi ni mtu wa mwezi, na ujuzi wake ni mali anayoweza kuichukua popote aendapo. Kiwandani ni vivyo hivyo. Mpakiaji wa magunia akipata leseni ya lori, mzigo unatoka mabegani mwake na kuhamia kwenye injini.

Ndiyo maana wengi huitafuta leseni, au pamiti kama wengi wetu tuitavyo. Lakini liko jambo ambalo halizungumzwi sana kambini. Aliyefaulu huionyesha leseni yake kwa kila mtu, hata kwa mwenye duka. Aliyeanguka hurudi kimya. Wenzake wakimwuliza, husema mtahini hakuja, au gari liliharibika njiani. Kwa sababu hiyo kila anayeanguka hudhani yeye ndiye mjinga wa kwanza duniani kuanguka, na wengi hawarudi tena. Wengine hutafuta njia ya kuipata karatasi bila mtihani, nayo ni njia mbaya kama tutakavyoona.

Tumeona inafaa kueleza jinsi mtihani huu ulivyo, kwa nini watu huanguka, na ni nani anayelipa gharama za kurudia. Tutachukua zaidi mfano wa Uingereza. Hatuusifu utawala wao wa zamani. Sababu yetu ni kwamba sheria za kwanza za barabara za Uganda, Kenya na Tanganyika zilitoka huko, pamoja na kuendesha upande wa kushoto na ile herufi L nyekundu ya mwanafunzi. Tena Serikali ya huko huchapisha kila mwaka hesabu ya waliofaulu na walioanguka, kwa hiyo mambo yako wazi.

Mtihani ulivyoanza

Tangu 1904 mtu wa Uingereza aliyetaka kuendesha motokaa alikwenda kwenye ofisi ya wilaya yake, akalipa shilingi 5, akapewa leseni. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kuendesha. Magari yalipoongezeka, vifo navyo viliongezeka. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, na magari yote ya nchi wakati huo yalikuwa kama milioni 2.4 tu. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa watu waendao kwa miguu, watu ambao hawakuwa na motokaa wala hawakutarajia kuwa nayo.

Sheria ya 1934 ndiyo iliyoleta mtihani. Mwezi wa Machi 1935 ulianza kwa hiari, na kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo ukawa lazima kwa kila mtu aliyeanza kuendesha tangu tarehe 1 Aprili 1934. Ada ilikuwa shilingi 7 na peni 6. Ofisi maalumu za mtihani hazikuwako bado. Mtahini na mtahiniwa walipatana wakutane penye bustani ya mji au kwenye stesheni ya reli. Mtu wa kwanza kufaulu alikuwa Bwana mmoja aitwaye Beene. Katika mwaka wa kwanza walifaulu watu 63 katika kila 100. Maana yake 37 walirudi nyumbani mikono mitupu, na hapo barabara zilikuwa na magari machache kuliko leo.

Angalieni vizuri tarehe ile ya Aprili 1934. Aliyekuwa na leseni kabla ya siku hiyo hakutahiniwa kamwe, hata kama alikuwa ameiendesha motokaa yake vibaya kwa miaka ishirini. Wakati ule wenye motokaa walikuwa hasa watu wa mali. Mfanyakazi aliyepata nafasi ya kushika usukani baadaye ndiye aliyekaa mbele ya mtahini. Hatusemi kuwa mtihani ulikuwa kosa. Tunasema tu kwamba walioitunga sheria walijihurumia wenyewe kwanza.

Mtihani ulisimamishwa mara mbili katika miaka iliyofuata. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 ulifungwa, ukafunguliwa tena Novemba 1946. Halafu mwishoni mwa 1956, petroli ilipokuwa haba kwa ajili ya mgogoro wa mfereji wa Suez, watahini walipelekwa kusaidia kazi ya kugawa petroli kwa kipimo, na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha peke yao mpaka Aprili 1957. Mara ya tatu ilikuja na ugonjwa wa korona mwaka 2020, na hiyo tutairudia, kwa sababu madhara yake yaliwafikia wafanyakazi hasa.

Mtahini anatazama nini

Siku hizi mtihani wa Uingereza una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maswali, iliyoanzishwa Julai 1996. Mtu hukaa mbele ya kompyuta, akapewa maswali 50, naye ni lazima apate 43. Baada ya hayo huonyeshwa picha za sinema za barabarani, abonyeze kila aonapo hatari inakuja. Sehemu ya pili ni barabarani, kwa muda wa dakika 40 hivi. Kabla hata ya kuingia garini, mtahini humwambia asome namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Asipoweza kuisoma, mtihani umekwisha pale pale.

Hesabu za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa katika kila watu 100 wanaofanya mtihani wa gari dogo barabarani, kama 48 hivi ndio hufaulu. Zaidi ya nusu huanguka. Hao ni watu wa nchi yenye barabara za lami kila mahali, wenye walimu wa udereva katika kila mtaa, na ambao wengi wao wamepanda gari tangu utotoni. Mwenzetu aliyejifunzia gari kwenye njia ya udongo kati ya mistari ya chai akianguka mara ya kwanza, ana ajabu gani?

Inafaa kuelewa makosa yanavyohesabiwa, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Kuna makosa madogo, na mtu anaweza kufanya mpaka 15 na bado akafaulu. Kuna makosa makubwa, nayo moja tu latosha kumwangusha. Kwa hiyo mtu aweza kuendesha vizuri kwa dakika 39, akabadili gia bila kelele, akarudi nyuma kwa unyoofu kama uzi, halafu katika dakika ya mwisho akaingia njia panda bila kutazama kulia, na mwendesha baiskeli akalazimika kushika breki. Ameanguka. Atalalamika kwamba ni kosa moja tu. Lakini mwendesha baiskeli naye ana uhai mmoja tu.

Mwaka baada ya mwaka sababu zinazowaangusha Waingereza ni zile zile. Iliyo juu kabisa ni kutotazama vizuri kwenye njia panda. Inayoifuata mara nyingi ni kutotumia vioo kabla ya kubadili upande. Kisha ziko nyingine: kukosea mahali pa kusimama wakati wa kukata kulia, kuondoa gari bila kuangalia nani yuko nyuma, kutotii taa, kushindwa kuutawala usukani. Ukizitazama utaona kuwa nyingi hazihusu nguvu ya mikono wala ujuzi wa injini. Zinahusu macho. Mtahini hajali sana kama gari lilizimika mara moja mlimani. Anachotaka kujua ni kama wewe unajua kuna watu wengine barabarani.

Hapa tuongeze neno juu ya madereva wa zamani wa shambani, kwa sababu wao huumia zaidi wakianguka. Mtu ameendesha trekta miaka kumi ndani ya shamba. Anajua kuvuta trela tatu za miwa kwenye tope. Anakwenda kwenye mtihani akiwa na hakika, na kijana aliyejifunza miezi miwili anafaulu mbele yake. Anasema pana upendeleo. Upendeleo huweza kuwako, hatukatai. Lakini mara nyingi sababu ni mazoea. Shambani hakuna gari linalokupita kwa nyuma, basi mtu husahau vioo. Shambani hakuna kipilefti wala taa. Kwenye mteremko watu hutoa gia na kuliacha gari liteleze ili kuokoa dizeli, na msimamizi huwasifu. Kwenye mtihani hilo ni kosa, kwa sababu gari lisilo na gia halitawaliki vizuri na breki hubaki peke yake. Mkono mmoja dirishani, mwingine kwenye usukani: kazini ni starehe, kwa mtahini ni alama mbaya. Huyu mwenzetu ana ujuzi kweli. Kazi yake ni kuyaacha mazoea machache, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kujifunza upya, kama ajuavyo kila aliyejaribu kuacha sigara.

Hofu nayo ina sehemu yake. Mtu ambaye mshahara wa nyumba nzima unategemea dakika 40 zile hutetemeka mguu juu ya klachi. Dawa pekee tunayoijua ni kuwa mtihani usiwe mara ya kwanza kwako kukaa karibu na mgeni asiyesema neno. Mwombe dereva usiyemzoea akae kando yako saa nzima, mwenye kalamu na karatasi, asikucheke wala asikusaidie.

Bibi aliyefanya mtihani mara 960

Nchini Korea ya Kusini, katika wilaya ya Wanju, alikuwako bibi mmoja, Cha Sa-soon, aliyekuwa akiuza mboga sokoni. Alizaliwa katika jamaa ya wakulima wasio na ardhi, akafanya kazi za shamba tangu utotoni, na shule aliipata kwa shida na kwa kuchelewa. Alipopita umri wa miaka 60 aliamua kutafuta leseni ya gari, achoke kungoja mabasi.

Aprili 2005 alifanya mtihani wa maswali, akaanguka. Akarudi kesho yake. Kwa muda mrefu alikwenda siku tano kwa juma. Baadaye akapunguza, akawa anakwenda kama mara mbili kwa juma. Alama zilizotakiwa zilikuwa 60 katika 100. Alizipata Novemba 2009, mara ya 950. Kisha ikabaki mitihani miwili ya kuendesha, kila mmoja akaanguka mara nne na kufaulu mara ya tano. Mei 2010, akiwa na miaka 69, alipewa leseni. Habari zake zilienea dunia nzima, na kampuni ya magari ya Hyundai-Kia ikampa gari jipya na kumtumia katika matangazo yake ya biashara.

Watu wengi husimulia habari hii ili kusema kwamba mvumilivu hula mbivu. Sisi tunaona ndani yake jambo jingine. Bibi huyu hakuanguka mara 949 kwa sababu ya gari. Gari lilimchukua majaribio kumi tu. Kilichomwangusha ni maneno. Maswali yalikuwa yameandikwa kwa lugha ya sheria na ya ufundi, lugha ambayo mwuza mboga hakuwahi kuisikia sokoni. Kwa muda mrefu aliyakariri majibu bila kujua maana yake, na swali likigeuzwa kidogo, jibu linapotea. Walimu wa shule moja ya udereva walipokaa naye na kumfafanulia neno baada ya neno, ndipo mlango ulipofunguka. Ada alizolipa kwa miaka yote hiyo zilipita dola 4,000. Ni fedha nyingi kwa mtu wa genge la mboga, na hakuna kampuni iliyojitokeza kumsaidia alipokuwa akianguka mara ya mia mbili.

Tatizo hili la lugha liko pia Uingereza. Mpaka 2014 mtu aliyetoka nchi nyingine aliweza kuyasikia maswali kwa lugha yake, kwa kuwa lugha 19 za kigeni zilikuwa zimewekwa katika kompyuta. Aprili mwaka huo Serikali iliziondoa, ikabakiza Kiingereza na Kiwelishi. Ilitoa hoja kwamba alama za barabarani ziko kwa Kiingereza na kwamba palikuwa na udanganyifu katika ukalimani. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo kipimo cha udereva kimekuwa kwa upande fulani kipimo cha kusoma Kiingereza, na aliyefika akifanya kazi ya kuvuna matunda au kufagia maofisi ndiye aliyeongezewa mlima.

Nchini Kenya ugumu umechukua sura yake. Kwa miaka mingi watahiniwa wa huko wamesimamishwa mbele ya meza yenye mji mdogo wa mfano, wakapewa gari la kuchezea, wakaambiwa walipitishe kwenye kipilefti na njia panda huku wakieleza. Kwa mwanafunzi mpya ni njia nzuri ya kujifunza kanuni bila kuumiza mtu. Lakini mtu aliyezoea lori la tani kumi huweza kuaibika kwa kusogeza kigari cha plastiki upande usiofaa, na wengi wameaibika hivyo. Anayekwenda huko na afanye mazoezi ya meza kwanza, asiidharau.

Foleni na fedha

Uingereza ada ya mtihani wa barabarani kwa gari dogo siku za kazi ni pauni 62, na ya maswali ni pauni 23. Ukianguka barabarani ni lazima zipite siku 10 za kazi kabla ya kurudia, na ulipe ada nzima upya. Tena ukifaulu maswali, cheti chake kina miaka miwili. Ikipita kabla hujafaulu barabarani, unarudi mwanzo.

Kwenye karatasi siku 10 si nyingi. Lakini baada ya mitihani kufungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, na tena mapema 2021, foleni ikawa ndefu mno, na hata kufikia 2025 watu wengi walingoja miezi kadhaa kupata nafasi. Palipo na foleni, walanguzi hawako mbali. Walitumia programu za kompyuta kunyakua nafasi mara zilipotokea, wakaziuza kwa mamia ya pauni. Mwenye fedha aliyeanguka Jumatatu alinunua nafasi ya karibu. Msaidizi wa wauguzi aliyehitaji gari ili awafikie wagonjwa majumbani alingoja. Mtihani ni ule ule kwa wote wawili, ila kuanguka kwao si kumoja.

Kwa madereva wa malori makubwa mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 2021 Uingereza ilikosa madereva wa malori kiasi kwamba mwezi wa Septemba vituo vya petroli vilikauka na magari yakapanga foleni mitaani. Mafuta yalikuwako katika maghala. Wa kuyabeba ndio hawakutosha. Sababu zilikuwa nyingi: mishahara midogo, kulala barabarani bila choo wala bafu, madereva wa nchi za Ulaya kurudi kwao. Na moja kati yao ilikuwa hii ya mitihani iliyosimama, maelfu wakiwa wamekwama na leseni za kujifunza. Hapo ndipo Serikali ilipoharakisha. Iliwaazima watahini wa jeshi, ikaondoa sharti la kufaulu kwanza lori dogo kabla ya lori la trela, ikalipia mafunzo ya watu wengi. Waajiri waliokuwa wakisema kwa miaka kwamba hawawezi kumlipia mfanyakazi ada ya leseni, ghafula waliweza. Vyama vya wafanyakazi vya huko viliyasema hayo mapema. Tunayataja hapa ili tawi likiambiwa kwamba fedha za mafunzo hazipo, likumbuke kuwa zilipatikana pale gari la mwajiri liliposimama.

Leseni ya kununua

Kwetu, gharama ya kurudia mtihani siyo ada peke yake. Ni nauli ya kwenda mjini na kurudi, siku moja au mbili bila mshahara, kukodi gari la shule ya udereva, chakula. Anayelipwa kwa kazi ya siku akianguka mara mbili, amekwisha kutumia karo ya mtoto. Hapo huja mtu mwenye maneno laini na kusema kuwa kwa kitu kidogo karatasi itapatikana bila kusumbuka. Hesabu inaonekana nzuri: kununua mara moja ni rahisi kuliko kuanguka mara tatu.

Hesabu hiyo inasahau siku ya ajali. Siku hiyo polisi huuliza leseni, na kampuni ya bima huuliza pia. Leseni isipokuwapo, au ikiwa ya bandia, au ikiwa ya daraja lisilolingana na gari, bima hupata sababu ya kukataa kulipa. Mwajiri naye husema hakujua. Yule aliyesema jana "chukua tu trekta, uvuke barabara, upeleke miwa kiwandani" leo hana habari. Anayebaki mahakamani ni dereva. Na anayebaki njiani ni mtu aliyegongwa, ambaye mara nyingi ni mfanyakazi mwenzetu anayetoka zamu kwa miguu, kama wale wa Uingereza wa mwaka 1934.

Jambo la trekta tulitie mkazo. Sheria za leseni katika nchi nyingi hushika kwenye barabara za watu wote, na wasimamizi wengine hutumia nafasi hiyo kuwapa trekta vijana wasio na leseni ndani ya shamba. Lakini shamba kubwa mara nyingi limekatwa na barabara kuu. Mita ishirini za kuvuka zatosha kumfanya kijana awe mvunja sheria. Akiagizwa kuvuka, ana haki ya kukataa, na mwakilishi wa tawi aambiwe siku ile ile.

Ukianguka

Kabla hujaondoka mahali pa mtihani, mwulize mtahini kwa heshima ni kosa gani lililokuangusha, na kama iko karatasi ya alama uiombe. Uingereza kila mtahiniwa huelezwa makosa yake mwishoni. Ni desturi nzuri, na hakuna kinachokuzuia kuiomba popote ulipo. Asipokupa karatasi, andika mwenyewe ungali unakumbuka: ilikuwa mahali gani, ulifanya nini, nani alikuwa karibu. Kesho yake utakuwa umeanza kujitetea moyoni, na kumbukumbu itageuka. Usijifunze tena yote. Jifunze lile lililokuangusha, mahali penye magari ya kweli, pamoja na dereva mwenye leseni, na herufi L ikiwa mbele na nyuma. Kama kilichokuangusha ni macho, kapimwe macho kwanza. Miwani ni rahisi kuliko ada za mitihani mitatu.

Kama kilichokuangusha ni maneno, usijifungie chumbani na kitabu peke yako. Wawili au watatu wakae pamoja jioni, mmoja asome swali, mwingine alieleze kwa lugha ya nyumbani, wa tatu aseme ni wapi katika barabara ya kwetu jambo hilo hutokea. Ofisi ya tawi ina taa na benchi.

Fedha ni kazi ya mkataba. Katika mapatano yajayo na waajiri, makatibu wa matawi wanaweza kupeleka kifungu chenye maneno kama haya, wakiyarekebisha kwa hali ya mahali pao:

"Mfanyakazi anayechaguliwa kujifunza udereva kwa ajili ya kazi ya mwajiri atalipiwa na mwajiri ada ya mafunzo, ya leseni ya kujifunza, na ya mtihani wa kwanza, wa pili na wa tatu. Siku ya mtihani itahesabiwa kuwa siku ya kazi yenye mshahara kamili, pamoja na nauli. Mfanyakazi atakayeanguka atarudi kwenye kazi yake ya awali bila kupunguziwa mshahara wala kupoteza miaka yake ya utumishi, na hatakatwa gharama za mafunzo. Hakuna mfanyakazi atakayeagizwa kuendesha gari au trekta asiyo na leseni yake, ndani ya shamba au nje, wala hataadhibiwa kwa kukataa."